Mama Maabara na Maji ya Tangi

Dinah Mkamburi alishuka kutoka Werugha akiwa bibi harusi wa miaka ishirini, akafuatana na mumewe Solomon hadi Voi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Miaka mitatu walikaa pamoja bila kujaliwa mtoto. Mwaka wa sitini na saba Solomon akahamishiwa Nakuru. Alisema, "Nikipata nyumba nitakuita." Akaandika barua mara tatu, kisha kimya. Mwishowe fundi mmoja aliyekuja na gari la mizigo akamwambia Dinah, bila kumtazama usoni, kwamba nyumba Solomon amekwisha kuipata, na ndani yake yumo mwanamke mwenye watoto wawili.

Dinah hakupiga kelele. Wala hakurudi kwao mlimani. Alikuwa ameondoka Werugha kwa nyimbo na vigelegele, na miguu ilikataa kuupanda mlima ule ule akiwa peke yake na sanduku kichwani. Nyumba ya reli ilitakiwa na mtu mwingine, kwa hiyo akatafuta kazi. Shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji ilikuwa ikitafuta mtu wa kufagia maabara na kuosha vyombo vya kioo. Wakampa chumba kimoja nyuma ya bohari, chenye dirisha linalotazama Mlima Sagalla. Wanafunzi wakamwita Mama Maabara. Mwanzoni jina lile lilimchoma. Mwanamke asiyeitwa mama na mtu yeyote ameitwa mama wa chumba cha chupa! Lakini jina halikuwa na ubaya, naye akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kilichobana.

Mwalimu wa kemia alikuwa Obadiah Mwandawiro, mwenyeji wa Sagalla, mtu mzima mwenye mvi na koti moja la kijivu alilolivaa hata Voi ilipowaka kwa jua. Alikuwa na desturi ya kusema peke yake akitayarisha dawa zake. Dinah alifanya kazi kando yake karibu mwezi mzima pasipo kufungua mdomo. Ndipo siku moja alipokuwa akisugua vyombo vilivyogandwa na utando mweupe wenye umanjano, akauliza, "Mwalimu, haya maziwa yanatoka wapi, na ninyi mmetia maji matupu?"

Mwalimu Obadiah akageuka. Alikuwa kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

"Unataka kuona?" akasema. "Njoo."

Akachora msalaba mweusi kwenye karatasi, akaweka bika, chombo cha kioo chenye mdomo mpana, juu yake, akatia dawa iliyoonekana kama maji. "Hii ni thaiosalfeti. Na hii ni asidi. Nikichanganya, utazame msalaba kutoka juu. Ukipotea, sema."

Akamimina asidi na kubonyeza saa. Maji yalibaki maangavu kama ya mvua. Kisha pakaingia kitu kama moshi, moshi ukawa ukungu, ukungu ukawa maziwa, na ule msalaba ukafifia hadi usionekane kabisa.

"Umepotea!"

"Sekunde thelathini," akasema mwalimu. "Ule weupe ni salfa inayozaliwa humo ndani. Sasa natia thaiosalfeti nusu ya ile ya kwanza, na nusu nyingine naijaza kwa maji. Unadhani itachukua muda gani?"

Dinah akafikiri. "Sitini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeweka nusu."

Ilichukua sekunde hamsini na tisa. Mwalimu Obadiah akacheka hadi akavua miwani. Akamwambia kwamba wanafunzi wa kidato cha tano huchukua juma zima kabla hawajalisema neno hilo. Kasi ya mmenyuko ule, alieleza, inafuata ukolezi wa thaiosalfeti, yaani wingi wake majini, hatua kwa hatua: ukipunguza nusu, kasi inapungua nusu, ukiongeza maradufu, kasi nayo maradufu. Hilo ndilo linaloitwa daraja la kwanza.

Kisha akamfanyia jambo lililomkosesha Dinah raha siku mbili. Aliacha thaiosalfeti kama ilivyokuwa, akaongeza asidi maradufu. Dinah alitazamia sekunde kumi na tano. Ikawa ishirini na tisa. Asidi imekuwa mara mbili na msalaba haujali! Siku ya tatu alimngoja mwalimu mlangoni.

"Mwalimu, ile asidi haifanyi kazi?"

"Inafanya. Bila asidi hakuna kitu." Akakaa juu ya stuli. "Wewe umewahi kuteka maji kwetu Sagalla wakati wa kiangazi?"

"Sijafika."

"Pale chini ya mwamba pana chemchemi inayotona. Debe moja linajaa kwa robo saa. Wakija wanawake watano, debe linajaa kwa robo saa. Wakija hamsini na madebe yao, je?"

"Robo saa ile ile. Wataongeza foleni tu."

"Basi. Mmenyuko huu hauendi kwa mkupuo mmoja, una hatua. Kuna hatua moja inayokawia, na kasi ya wote ni kasi ya yule anayekawia. Asidi ni wale wanawake wenye madebe. Ukiongeza, wanapanga foleni. Hilo ni daraja la sufuri, au karibu na sufuri."

"Na liko la pili?"

"Liko. Fikiria soko la Wundanyi. Watu wakiongezeka mara mbili, kukutana na kusalimiana kunaongezeka mara ngapi? Usiseme mbili."

Dinah alihesabu kwa vidole, tena kwa Kidawida, maana hesabu ngumu alizifanya kwa lugha ya mama yake. "Nne."

"Nne. Lakini shika neno hili moja. Daraja halisomwi kwenye mlinganyo ulioandikwa ubaoni. Mtu anaweza kuutazama ubao hadi macho yamtoke. Lazima apime."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na iliendelea miaka tisa. Wanafunzi wakishaondoka, wawili wale walibaki na bika na saa. Hapakuwa na jambo lingine kati yao, na hakuna aliyesema lipo. Mwalimu Obadiah alikuwa na mkewe na watoto Sagalla, alipanda kwao kila Jumamosi. Dinah alikuwa amefika darasa la sita tu, lakini alinunua daftari la kurasa mia mbili akaandika kila alichopima: tarehe, vipimo, joto, sekunde. Jumapili alikwenda kanisani akakaa benchi la nyuma. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja. Siku zake zilikuwa na jambo la kungojea, na hilo lilimtosha.

Februari ya mwaka wa sabini na saba Mwalimu Obadiah aliugua figo, na baada ya wiki tatu akafariki. Dinah alipanda Sagalla kwa miguu, kanga mbili mabegani, kwa kuwa gari la shule lilijaa walimu. Mazishini msimamizi aliita watu kwa makundi waweke mchanga. Watoto waje. Wakaja. Ndugu wa upande wa mama waje. Walimu wenzake waje. Majirani waje. Waumini wa kanisa waje. Dinah alisubiri kila jina linalotajwa akijiuliza kama ndilo lake. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chai akamgusa mkono.

"Wewe ni wa upande gani, dada?"

"Nafanya kazi shuleni."

"Mpishi?"

Dinah akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Akashuka mlima jua likimpiga usoni, na hakuweka mchanga.

Mwaka mzima shule haikuwa na mwalimu wa kemia wa kudumu. Mwanzoni mwa sabini na nane akaletwa Donald Nzioka, kijana aliyetoka chuo kikuu Nairobi na shahada yake bado inanukia wino. Hakuwa mtu mbaya. Alivaa tai, alikuja mapema, na alitaka wanafunzi wake wapite. Ila alikuwa na haraka, na aliogopa kuonekana hajui.

Mwezi wa Mei alifundisha daraja la mmenyuko kwa jaribio lile lile la msalaba. Kidato cha sita kilikuwa na mikondo miwili, mmoja uliingia maabara asubuhi, mwingine alasiri. Wa asubuhi walichora grafu zao, wakapata daraja la kwanza, safi kabisa. Wa alasiri walipata kitu kisichoeleweka. Thaiosalfeti ilipopunguzwa nusu hawakupata sekunde sitini, walipata thelathini na nane. Hesabu ilipofanywa, daraja likatoka karibu nusu.

"Ninyi mmelala!" Mwalimu Donald aliwaambia. "Mmeshiba maharagwe mkalala. Saa mnaibonyeza lini? Wenzenu wamepata, ninyi mmeshindwa kitu gani?"

Msichana mmoja, Mumbe, akainua mkono. "Mwalimu, sisi sote tumepata namna moja."

"Basi nyote mmelala namna moja."

Dinah alikuwa kwenye sinki la nyuma. Aliliona jambo lile waziwazi kama anavyoona kiganja chake. Maji ya kupunguzia dawa yalitoka mferejini, na mfereji ulitoka kwenye tangi la bati juu ya paa. Asubuhi maji yale yalikuwa baridi. Kufika saa nane mchana, katika jua la Voi, yalikuwa ya kuogea. Kwa hiyo bika lililotiwa maji mengi zaidi ndilo lililokuwa na joto zaidi, na joto linaharakisha mmenyuko. Ukolezi uliopungua ulikuwa unarudisha kasi nyuma na joto linaisukuma mbele. Wanafunzi walipima sawasawa. Walikuwa wakipima vitu viwili kwa pamoja bila kujua.

Alijifuta mikono kwenye aproni, akasogea mbele. "Samahani, mwalimu. Ni maji ya tangi. Yana moto. Wakitumia ya mtungi..."

Darasa lote likageuka. Mwalimu Donald akamtazama, akawatazama wanafunzi thelathini wanaomtazama yeye, na masikio yakamwiva.

"Mama," akasema, "wewe kazi yako ni kuosha chupa. Nikihitaji msaada wa kufundisha nitakuita."

Mvulana mmoja akacheka, kisha wengine. Mumbe hakucheka, aliinamia daftari lake. Dinah akarudi kwenye sinki. Aliosha vyombo vyote arobaini, akavipanga kichwa chini, akafunga mlango, akaenda chumbani kwake. Alikaa kitandani bila kuvua aproni. Alitamani kumweleza mtu jambo lile. Si kuhusu matusi, matusi yanapita. Alitamani kumweleza mtu kuhusu ile thelathini na nane, jinsi ilivyokuwa na maana nzuri ndani yake. Akawapitia watu wote anaowajua Voi, mmoja mmoja, na hakumpata.

Likizo ya Agosti shule ilibaki tupu. Bawabu alikaa langoni, mbali, na tumbili walishuka kwenye madarasa kutafuta makombo. Dinah alikuwa na ufunguo. Siku kumi na moja alifanya jaribio lile peke yake, asubuhi kwa maji ya mtungi, alasiri kwa maji ya tangi, na kipimajoto ndani ya kila bika. Hapakuwa na mtu wa kubonyeza saa, kwa hiyo alimimina kwa mkono wa kulia na kubonyeza kwa wa kushoto. Alipoona msalaba umefifia alisema kwa sauti, "Umepotea," kisha akanyamaza, kwa maana sauti yake iliruka ukutani ikamrudia. Alisema hivyo mara mia na zaidi. Kuna alasiri moja aligundua kwamba tangu Jumatatu hajatamka neno jingine.

Daftarini mambo yalijipanga. Thaiosalfeti kamili, nusu, na moja ya tano, kwa maji ya mtungi: thelathini, sitini, mia na hamsini. Kwa maji ya tangi: thelathini, thelathini na nane, sitini na tisa. Aliandika chini yake kwa mwandiko wa polepole: *Daraja halikubadilika. Kilichobadilika ni joto.* Shule ilipofunguliwa alimpelekea Mwalimu Donald daftari lile. Mwalimu alikuwa na karatasi nyingi za kusahihisha. "Weka hapo," akasema. Baada ya wiki mbili Dinah alilikuta mahali pale pale, chini ya kikombe, akalichukua.

Novemba ikaja na mtihani wa mwisho wa vitendo. Maagizo ya kutayarisha dawa yalifika mapema, na mtu yeyote aliyewahi kushika bika angejua ni swali gani linakuja. Ratiba ilisema saa nane mchana.

Dinah alilitafakari siku tatu. Kusema, alikwisha kusema. Kwenda kwa mwalimu mkuu, Bi. Tryphena, kungekuwa kumshtaki kijana yule, na tena nani angemsikiliza mwosha chupa dhidi ya mwenye shahada? Siku ya mtihani aliamka kabla ya jua. Alijaza ndoo zote za shule na mitungi sita aliyoazima jikoni, maji yakiwa bado na baridi ya alfajiri. Akavipanga boharini, akavifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kisha akapanda ngazi nyuma ya jengo, akafunga koki ya tangi kwa spana, spana akaitia mfukoni mwa aproni.

Robo saa kabla ya mtihani Mwalimu Donald alifungua mfereji ukakohoa hewa. Akafungua wa pili. Akatoka mbio jasho likimtiririka.

"Hakuna maji! Mama, hakuna maji, watoto wanaingia sasa hivi!"

"Maji yako kwenye ndoo, mwalimu. Kila meza nimeweka mtungi."

"Nani amefunga maji?"

"Mimi."

Alimkazia macho. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari mlangoni, msimamizi wa mtihani ameshika bahasha. Hapakuwa na nafasi ya ugomvi. "Tutaongea baadaye," akasema kwa meno yaliyokazwa. "Na utaongea na Bi. Tryphena pia."

Kwa kawaida mwalimu wa somo hufanya jaribio lile lile kando, ili watahini wawe na majibu ya kulinganisha. Mwalimu Donald aliingia chumba cha matayarisho na Dinah akasimama pembeni, mikono nyuma. Alimimina, akabonyeza saa. Thelathini na moja. Akapunguza nusu kwa maji ya mtungi. Sitini na moja. Akaandika. Kisha akatia kidole mtungini.

"Nipe spana," akasema.

Dinah akampa. Alitoka, akarudi na bika la maji ya tangi, ameshika ukingo wake kwa leso kwa sababu ya joto. Akapima tena nusu kwa nusu. Kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo zilisikika saa za wanafunzi zikibonyezwa na kalamu zikikwaruza. Msalaba ukapotea. Mwalimu Donald alitazama saa, asiamini. Thelathini na nane.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu Mei, mwalimu. Nilikuambia."

Alikaa kwenye stuli. Alionekana mdogo ghafla, mtoto wa mtu aliyevaa tai. "Uliniambia," akasema. Habari ya Bi. Tryphena haikutajwa tena.

Mwaka uliofuata matokeo yalitoka, na shule haikuwahi kupata matokeo ya kemia kama yale. Mumbe alipata nafasi chuo kikuu. Siku ya wazazi Bi. Tryphena alimpongeza Mwalimu Donald mbele ya umati, wakampigia makofi. Yeye alisimama, akasita, macho yakazunguka kana kwamba anatafuta mtu. Dinah alikuwa nyuma ya umati, kando ya masufuria ya chai. Mwalimu akasema, "Tulishirikiana," akakaa. Hakusema na nani.

Lakini tangu siku hiyo alianza kubaki maabara jioni. Mwanzoni aliuliza jambo moja na kuondoka. Halafu akaanza kuja na chai ya chupa na vikombe viwili. Alimwita Bi. Dinah. Walijaribu peroksidi, wakajaribu iodini. Dinah akamwonyesha njia ya Mwalimu Obadiah ya kueleza daraja la sufuri, naye akaifundisha darasani kama ilivyo, madebe na foleni. Karibu miaka miwili palikuwa tena na sauti ya mtu mwingine katika chumba kile. Kisha uhamisho ukamfikia, shule ya mbali upande wa Kitui. Siku ya kuondoka aliomba daftari.

"Nitanakili, nikurudishie kwa posta."

Dinah alilifunga kwa gazeti, akampa. Alijua watu wanavyoahidi, na hakumchukia. Daftari halikurudi. Labda lilipotea njiani, labda liko sandukuni mwa mtu, labda watoto wa Kitui walijifunza kwalo. Hakuandika kuuliza.

Alifanya kazi miaka saba mingine, chini ya walimu wanne ambao hakuna aliyemuuliza kitu. Magoti yalipoanza kumsumbua, mwaka wa themanini na saba, alipewa saa ya ukutani na blanketi, akapanda basi la Wundanyi, akateremka Werugha katika ukungu ambao alikuwa karibu kuusahau. Kaka yake alikuwa amekwisha kufa. Wifi yake Mable alimpa chumba upande wa ng'ombe, akamkaribisha vizuri, kwa maneno machache, kama mtu anayempokea mgeni ambaye hajui ataondoka lini.

Kazi yake ikawa maziwa. Asubuhi ya kwanza aliyaweka kibuyuni yagande. Voi yangekuwa tayari kesho yake. Hapa siku ya pili yalikuwa bado mabichi, siku ya tatu yakaanza kushikana, ya nne yakawa mtindi. Dinah alihesabu siku, akahesabu joto la Voi na baridi ya mlimani, na zile namba zikakaa mahali pake moja kwa moja, kama zile za maji ya mtungi na ya tangi. Alicheka peke yake jikoni.

"Mable," akamwambia wifi yake alipoingia na kuni, "unajua kwa nini maziwa ya huku yanakawia hivi?"

"Si ni baridi tu?" Mable akajibu, akautua mzigo, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Dinah alibaki na kibuyu mapajani. Nje ukungu ulikuwa umeziba matuta, hata mti wa jirani hauonekani. Baada ya muda akainuka, akakifunga kibuyu kwa kitambaa safi, akakiweka karibu zaidi na mafiga.